Siku Mume Wangu Alipokuja Shuleni

Kabla hamjanihukumu kwa yaliyotokea Ijumaa ile, jueni kwanza kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Kwetu Gonja wanasema nilizaliwa nikiwa nalalamika, na mama hajawahi kukanusha. Hapa shuleni Same nimeshagombana na waamuzi, na mpishi aliyenipakulia makande ya mahindi matupu akaniambia maharage yamezama, na upepo. Ndiyo, upepo. Upepo wa Same ukiamua kuuchukua mpira wako na kumpa mpinzani, sijui ninyi mngefanya nini, lakini mimi huwa nausema.

Netiboli nacheza katikati, senta. Nakimbia, naona mbali, na mpira nikishautaka nitaupata tu, hilo hata wanaonichukia wanakubali. Kilichoniponza ni ulimi. Mwaka jana kwenye mashindano ya shule za wilaya nilimwambia mwamuzi kwamba kipenga chake kina mashetani, kinalia hata asipokipuliza. Nikatolewa nje. Wenzangu wakafungwa wakiwa pungufu, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyekaa kiti kimoja na mimi.

Januari akaja Mwalimu Hedwiga. Akapewa michezo, akapewa na malezi ya wasichana. Mwanamke mrefu, mtu wa Rombo, kipenga shingoni kama mwingine avaavyo mkufu, na kucheka kwake ni kwa nadra sana. Nahodha wetu wa zamani alikuwa amemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi, na sote tulijua kinyang'anyiro ni cha watu wawili: mimi na Salha.

Salha ni golikipa wetu, binti wa mfanyabiashara wa vitenge pale barabara kuu. Mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, anayeomba samahani ni yeye. Nilimpenda, siwezi kusema uongo, lakini unahodha nilikuwa nautaka mimi, na nilikuwa nautaka mpaka nauota.

Mwalimu Hedwiga aliniita pembeni ya uwanja wiki ya kwanza tu. "Irine," akasema, "kucheza unajua kuliko wote. Lakini uwanjani anayeruhusiwa kwenda kumwuliza mwamuzi ni nahodha peke yake. Nikikupa wewe leo, utamng'ata mtu. Nionyeshe kwamba unaweza kuuzuia huo mdomo. Usipoulizwa usijibu. Ukikatazwa kusema, usiseme. Ukiweza mpaka tutakapokaribia mashindano, tutaongea. Ukishindwa, kitambaa cha unahodha nampa Salha."

Nikasema, "Sawa, mwalimu," na huo ndio ukawa mwanzo wa mateso yangu.

Jamani, kunyamaza ni kazi. Watu wanaozaliwa wapole hawajui wanachopewa bure. Nilikuwa nasukumwa, namezea. Kipenga kinapulizwa kimakosa, namezea. Yudith, mfungaji wetu, alikuwa anakosa goli mbele ya chuma akiwa peke yake, kisha ananitazama akisubiri mvua ya matusi, nami namwambia, "Usijali, ijayo." Mwanzoni walidhani naumwa. Mvua zilipochimba uwanja wetu, niliitisha msaragambo kama tunavyofanya kwetu mlimani mfereji ukibomoka: kila mtu na jembe lake, na aliyeitisha anatangulia kufika. Nilichimba, nikabeba udongo kichwani, na hakuna niliyemgombeza, hata waliokuja wamechelewa na kucha zimepakwa rangi. Jioni ile ndipo nilipowasikia wadogo wa kidato cha kwanza wakiniita nahodha. Nilijifanya sijasikia. Nilisikia vizuri sana.

Basi ikafika hiyo Ijumaa. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba saa kumi jioni, uwanjani, mbele ya timu nzima, atamtaja nahodha wa kwenda naye kwenye mashindano. Kitambaa alikishona mwenyewe, cha njano, na tulijua kiko ofisini kwake. Sikula vizuri mchana. Moyo ulikuwa mwepesi, nikaona kila kitu kizuri, hata vumbi.

Tukiwa kwenye kipindi cha jiografia, mwanafunzi mmoja akaja kusema Mwalimu Hedwiga ananiita ofisini, haraka. Nikajua ndiyo hiyo. Anataka kuniambia mapema, faragha, ili nisipige kelele uwanjani. Nilienda nusu nakimbia.

Nikafungua mlango, na nani nimkute amekaa kwenye kiti cha wageni? Babu Elirehema. Koti lake la ibada, kofia juu ya goti, na kifurushi cha tangawizi kati ya miguu. Ameshuka na gari la asubuhi kutoka Gonja, kwa njia ya Kisiwani, vumbi bado limo kwenye nyusi.

"Huyo sasa," akasema, uso umemng'aa. "Mke wangu."

Nikacheka. Mwalimu Hedwiga hakucheka.

Hapa naomba nieleze, maana najua kuna watu wanakulia mijini bila mababu. Kwetu babu kumwita mjukuu wa kike "mke wangu" hakumgeuzi mtu shingo. Ni mapenzi na ni mzaha, umekuwepo kabla yetu. Bibi, yaani mkewe wa kweli wa Babu Elirehema, ananiita mke mwenzake na ananilaumu kila likizo kwamba mume namla mimi, vyombo anaosha yeye. Shida ni moja tu. Babu huyu ni kitinda mimba, mdogo wa mwisho kabisa wa babu yangu mzaa baba. Ni babu kwa ukoo, lakini ukimtazama ni mwanaume mwenye nywele nyeusi tii, anayepanda mlima na gunia begani bila kuhema. Usipoambiwa, utadhani ni baba mdogo.

Na mlinzi wetu wa getini alikuwa mgeni. Kwake alifika mwanaume wa makamo, amevaa koti zuri, amebeba zawadi, akasema kwa sauti ya furaha: "Nimekuja kumwona mke wangu wa kidato cha tatu, yule senta wa netiboli." Mlinzi akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa malezi.

Tena simlaumu sana. Mwaka jana, kabla Mwalimu Hedwiga hajaja, msichana wa kidato cha pili alichukuliwa pale getini na mtu aliyejitambulisha kama mjomba wake. Hakurudi tena. Baadaye ikaja kujulikana mjomba ndiye bwana harusi. Mwalimu Hedwiga alihadithiwa habari hiyo kabla hata hajaonyeshwa nyumba ya kulala, na aliapa mbele yetu kwamba kwake haitatokea.

"Irine, simama pale ukutani," akaniambia. "Usiseme neno lolote mpaka nikuruhusu mimi. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kitambaa cha njano kilikuwa mezani, kando ya boksi la chaki. Nikakiona, nikakaza meno.

"Mzee," akasema, "hebu rudia. Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu," akajibu Babu, anatabasamu. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Samahani, mwalimu. Huo usemaji, wewe si mtu wa Rombo?"

"Ni mtu wa Rombo. Kwa nini?"

Babu akapiga kofi moja, akajiweka sawa kwenye kiti. Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo damu ilipoanza kunipoa, kwa sababu namjua. Mpare kama sisi na Mchagga wa Rombo kama mwalimu ni watani. Kwenye utani sheria ni moja: anayekasirika wa kwanza ndiye aliyeshindwa. Na Babu Elirehema hashindwi. Nje ya kanisa, ambako ni mzee wa usharika na ana heshima zake, kwenye utani mtu huyu hana dini. Aliwahi kuingia ndani ya kaburi la jirani yetu Mchagga, akajilaza, akasema limembana, warudie kuchimba, mpaka wafiwa wenyewe wakacheka huku machozi yanawatoka.

Kwa hiyo alipoona uso wa Mwalimu Hedwiga umekaza, hakuona hasira. Aliona fundi mwenzake.

"Umemwoa lini?" Mwalimu akauliza.

"Siku aliyozaliwa. Nilimtazama, nikasema huyu asiguswe na mtu, ni wangu."

Kalamu ikamponyoka mwalimu mkononi. Hakuiokota.

"Mahari umetoa?"

"Swali gani hilo? Mbuzi wawili, dume na jike, na jembe jipya. Na mama yake mpaka leo anasema nimempunja."

Nilisimama pale ukutani mdomo wazi. Nilikuwa namsikia babu yangu, mtu anayesoma neno kanisani, akijifunga kamba shingoni fundo baada ya fundo, na kila fundo analikaza kwa furaha. Nikanyoosha mkono juu kama darasani.

"Shusha mkono, Irine," akasema Mwalimu, na sauti yake ikalainika ghafla. "Najua unaogopa. Hakuna atakayekugusa hapa."

Nikashusha mkono. Naogopa? Mimi? Mimi nilikuwa nawaka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, nikalirudisha. Nikajisemea: huu ndio mtihani wenyewe, Irine, usiharibu saa ya mwisho. Atacheka sasa hivi. Babu akichoka atasema ukweli, wote watacheka, na saa kumi itafika.

"Na leo umekuja kufanya nini?" Mwalimu akaendelea.

"Kukagua mali," Babu akasema. "Ninyi wa Rombo mtu akiwaachia kitu, akirudi hukikuta nusu. Nimwone kama bado yuko mzima."

"Na ukimkuta mzima?"

"Ukiniruhusu, napanda naye mlimani leo leo. Nyumbani vyombo vimejaa."

Mwalimu Hedwiga akachukua simu yake. Akampigia mama kwanza, nilimwona akitafuta namba kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Haipatikani. Kule kwetu mtandao upo ukipanda kwenye jiwe la nyuma ya zizi, na mama mchana yuko shambani. Akajaribu tena. Haipatikani. Akapumua, akapiga namba nyingine.

"Afande, habari za mchana. Ni Mwalimu Hedwiga. Ndiyo, nahitaji mtu wa dawati la jinsia hapa shuleni sasa hivi. Mwanaume amekuja kumchukua mwanafunzi wangu, anasema ni mke wake. Hapana, hajakana. Amekiri mwenyewe mbele yangu, na mahari ametaja. Mtoto yuko hapa, amepigwa na butwaa, hata kusema hawezi."

Babu alikuwa bado anacheka, akiitikia kwa kichwa kama anayesema, mwanamke huyu ameniweza, mpaka na polisi kawaingiza. Kisha akamwona mwalimu, simu bado sikioni, akiokota kalamu na kuandika anachoambiwa. Kicheko chake kikaisha polepole, kuanzia machoni.

"Mwalimu," akasema, "umepiga kweli?"

"Kaa chini, mzee."

Hakuwa amesimama. Alikuwa ameinuka kidogo tu, kwenye ncha ya kiti. Lakini tangu nizaliwe sijasikia mtu akimwambia Babu Elirehema kaa chini. Yeye akakaa. Akaiokota kofia iliyokuwa imeanguka, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni babu yake huyu mtoto," akasema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Sasa umekuwa babu," Mwalimu akasema. "Mwaka jana alikuja mjomba."

"Ni utani, mwanangu. Nilidhani na wewe unanitania."

"Utamweleza afande."

Ndipo aliponigeukia mimi. Sijui nitaieleza vipi ile sura. Ilikuwa sura ya mtu aliyeteleza kwenye jiwe la mto, anatafuta mkono wa kushika, na mkono anauona uko pale karibu kabisa.

"Mke wangu," akasema, "hebu mwambie mwalimu mimi ni nani."

Ni babu yangu. Basi. Maneno hayo tu, mtoto wa chekechea angeyasema. Nikafungua mdomo. Nikamtazama Mwalimu Hedwiga, naye akanitikisia kidole, taratibu, bila ukali: usiseme, usilazimishwe. Macho yangu yakashuka mezani. Kile kitambaa. Miezi yote ile ya kumeza. Nikafikiri, nikisema sasa hivi, bila ruhusa, nimevunja sharti la mwisho siku ya mwisho. Na ukweli utajulikana tu, afande atafika, mama atapatikana, nani amewahi kufungwa kwa utani? Nayakumbuka mawazo hayo neno kwa neno, na nayashangaa mpaka leo kama vile aliyeyawaza ni mtu mwingine.

Nikafunga mdomo.

"Mwambie," Babu akasema tena, kwa sauti ndogo.

Nikatazama sakafu. Mimi, niliyemwambia mwamuzi kipenga chake kina mashetani mbele ya wilaya nzima. Mimi ninayegombana na upepo. Niliitazama sakafu ya saruji kama nimepewa kuihesabia nyufa zake, huku upepo ukigonga mabati juu yetu.

Mlango ukagongwa. "Hodi, mwalimu," na bila kungoja akaingia Salha, amekumbatia vizibao vyetu vya mazoezi, vilivyotoka kufuliwa. Akamwona Babu, uso ukamfunguka wote.

"Shikamoo, babu. Umetuletea tangawizi? Maana ile ya siku ile mkeo alitunyima, alisema ni ya mumewe."

Salha akaendelea kutabasamu kidogo, halafu akaanza kututazama mmoja mmoja.

"Salha," Mwalimu akasema, "unamjua huyu?"

"Babu yake Irine, mwalimu. Si alikuja siku ya wazazi mwaka jana? Mpaka na mimi alinichumbia, akasema nikimaliza shule nitakuwa mke wa tatu, ila nijue kupika makande." Akacheka peke yake, akaacha. "Kuna nini?"

Mwalimu Hedwiga akauweka mkono mdomoni, akakaa hivyo. Rangi yote ilimtoka usoni. Kisha akapiga simu tena, haraka, nikamsikia akisema, "Afande, nisamehe, nimekosea mimi, ni babu yake. Ndiyo. Ni utani. Ni utani tu, afande." Akaizunguka meza, akapiga goti mbele ya Babu, mwanamke mrefu vile, na kipenga kikagonga sakafu.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe."

"Marahaba," Babu akajibu. Hakumtazama sana. "Inuka, mwalimu. Umefanya kazi yako. Mtoto wa mtu lazima alindwe. Mimi ndiye niliyetania pasipo pake."

Akavaa kofia yake ndani ya nyumba, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka. Tangawizi aliiacha pale pale chini.

Nikageuka nimfuate. Mwalimu Hedwiga akanishika bega.

"Ngoja, Irine." Macho yalikuwa yamemjaa maji, alikuwa anajifuta kwa kiganja. "Leo nimekosea, nimekosea vibaya, na nitakuja mpaka Gonja kumwomba radhi mbele ya familia. Lakini wewe. Januari wewe ungeshaipindua meza hii. Nilikukataza kusema, na mambo yakaharibika mbele ya macho yako, ukatii mpaka mwisho. Watu wazima wenyewe hawawezi. Sihitaji kungoja saa kumi."

Akachukua kitambaa cha njano mezani, akanifunga mkononi. Alikikaza vizuri, akakipapasa. Nilikuwa namtazama tu. Nilitaka kumwambia hapana, mwalimu, siyo hivyo, lakini ulimi ulikuwa umezoea kulala.

Salha akaweka vizibao kwenye kiti. Akanipigia makofi mawili, ya adabu, halafu akaacha.

"Ina maana," akasema, "wewe ulikuwa humu ndani muda wote huo?"

"Nilikatazwa kusema."

"Aha," akasema Salha. Salha, mtu anayeomba samahani akikanyagwa, hakuniambia hata pole.

Nikatoka mbio. Nilikata katikati ya uwanja, wenzangu wameshaanza kujinyoosha, wakaona njano mkononi mwangu wakapiga vigelegele, Yudith akaniita nahodha kwa sauti ambayo nilikuwa naingoja tangu Januari. Sikusimama. Getini mlinzi mgeni alikuwa ameinama anajifanya anafunga kamba za viatu.

Babu alikuwa ng'ambo ya barabara, anasubiri bodaboda ya kumpeleka stendi. Ameshikilia kofia kichwani kwa sababu ya upepo. Nikafika nahema.

"Babu, shikamoo." Nilikuwa hata sijamwamkia.

"Marahaba."

"Babu, mwalimu alikuwa amenikataza. Alisema nikisema neno moja sipewi unahodha. Ndiyo maana. Nilijua itajulikana tu." Maneno yalikuwa yanatoka sasa, yote, kwa fujo, hayana pa kwenda. "Si unaona, imejulikana."

"Imejulikana," akasema.

Akakitazama kitambaa. Alinyoosha mkono akakigusa kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, kama watu wanavyogusa nguo dukani ambayo hawana nia ya kuinunua.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Hongera sana."

Nilingoja. Nilikuwa na hakika itafuata. Angesema hongera mke wangu, sasa umekuwa mkubwa utanipiga. Angesema niazime hicho kitambaa nikifunge kichwani nikawatambie wa Rombo. Nilimtazama mdomo, nikawa tayari nimeshaanza kucheka ili nimrahisishie.

Bodaboda ikasimama. Akapanda, akajipangusa vumbi magotini, akamwambia dereva stendi, taratibu. Kisha akanigeukia, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeaga nyumba ya watu.

"Haya, rudi kwa wenzako, Irine."

Pikipiki ikaondoka. Nilibaki kando ya barabara na kicheko changu usoni, sijui nikiweke wapi. Tangu nipate akili, mtu yule hakuwahi kuniita jina. Nilikuwa hata sina hakika kama analijua.